Fahali, fahari na kiatu cha kioo

Wiki hii nimerudia hadithi ya Cendrillon kama alivyoiandika Charles Perrault mwaka 1697. Nimeisomea hapa hapa Kabungu, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga nilichofundishwa na mzee mmoja wa Mishamo, kati ya wale waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mzee alianza na maneno yanayochanganya. Poisson ni samaki, poison ni sumu. Ukidondosha s moja, mgeni wako hali. Hayo yanashikika upesi. Kazi iko kwa yale yanayotamkwa sawasawa kabisa: verre ni kioo, vert ni kijani, vers ni mstari wa shairi, na vair ni manyoya ya kindi, yaliyopamba mavazi ya wakubwa zamani.

Hilo la mwisho limezua ugomvi. Perrault aliandika kiatu cha verre, tena kwenye kichwa cha hadithi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Balzac akadai hapana, ni vair. Eti nani acheze dansi na kioo mguuni?

Hoja inavutia kwa sababu ina akili ya kawaida. Mimi naikataa. Kiatu cha manyoya kinatanuka. Wale dada wangejibana wakaingia. Kioo hakitanuki hata kidogo, na hadithi nzima imesimama juu ya kiatu kisichokubali mguu mwingine. Halafu jamani, boga limegeuka gari la farasi, sasa kioo ndicho kitushinde?

Nayasema haya kwa kuwa nina deni. Huku kwetu r na l hazina mwenyewe. Msukuma wa sokoni atakuambia "habali", jirani yake mwenye Kirundi atasema "harafu". Tumechekwa sana kwa hilo, ndiyo maana nikipewa mswada wa kijana naanza kuwinda herufi kabla sijasoma hadithi.

Mwaka juzi binti mmoja aliniletea hadithi fupi. Sentensi ya kwanza: "Baba alikuwa fahali wa nyumba ile." Nikakata, nikaandika "fahari ya nyumba ile". Yaani nilisahihisha mpaka ile "wa"! Hiyo "wa" peke yake ilitosha kunionyesha kuwa alijua anachosema. Kurasa tatu mbele baba mdogo anahamia, na wanaume wawili wanaanza kusukumana mpaka mama anaondoka na watoto. Methali ya mafahali na zizi moja hakuitaja popote, lakini ndiyo mifupa ya kisa chote. Kwa kalamu yangu baba akawa sifa njema, na ugomvi ukatokea hewani.

Hakubisha. Alisema tu, "Asante mwalimu," na hadithi ikasomwa hivyo mbele za watu.

Sisemi tuache kusahihisha. Mtu akiandika amekwenda "kupiga kula", hiyo si taswira, ni kosa. Ila Balzac nami tulifanya jambo moja: tulisikia sauti, hatukuangalia karatasi.

Binti yuko Mpanda mjini siku hizi. Nimemwandikia kumwomba nakala yake ya mwanzo, fahali arudi zizini. Bado hajajibu.