Albamu moja tu, kisha kimya: tulivyoisikiliza Mbongwana Star hapa Ngezi

Wengi wenu mnanijua kwa maandiko ya mihogo na ugonjwa wake wa mozaiki. Leo niruhusuni niache shamba kidogo, niseme juu ya muziki, sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu wiki mbili.

Jumamosi moja tulikaa watu saba kwenye baraza yetu. Umeme hakukuwa, lakini bafle yangu ndogo ilikuwa imechajiwa na panneau ya jirani. Niliweka albamu nzima, nyimbo kumi, toka wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Sikuwaambia ni ya nani. Nilitaka kusikia kwanza watu watasema nini.

Albamu yenyewe inaitwa From Kinshasa, ya kundi Mbongwana Star. Ilitoka Mei 2015 kwa World Circuit, nyumba ya London ileile iliyotoa Buena Vista Social Club na Ali Farka Touré. Ilikuwa albamu yao ya kwanza, na mpaka leo njo ya mwisho. Ulaya waandishi walihangaika kuitafutia jina: roki mbadala, panki, elektroniki. Kwetu hakuna aliyehangaika. Katika watu saba, wote Wakongomani, watano kati yao wana diploma za chuo kikuu, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la kundi.

Basi kwanza historia kidogo. Wazee wawili wa kundi hili, Coco Ngambali na Théo Nzonza, walipata polio wakiwa watoto. Kabla ya hapo walikuwa ndani ya Staff Benda Bilili, wale wanamuziki wa baiskeli za magurudumu matatu waliokuwa wakifanyia mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa. Hao labda mnawakumbuka: albamu Très Très Fort ya 2009, filamu ya 2010 iliyoonyeshwa Cannes, albamu Bouger le monde ya 2012. Mwaka 2013 kundi likagawanyika. Coco na Théo wakatoka, wakachukua vijana, wakaungana na Liam Farrell, Mwairishi anayeishi Paris, anayejiita Doctor L. Mbongwana kwa Lingala ni mabadiliko. Walikuwa watu wa miaka zaidi ya hamsini wanaanza upya. Mimi sina thelathini na nimeshachoka kutuma CV.

Sasa maoni ya baraza.

La kwanza lilikuja kabla wimbo wa pili haujaisha. Dada mmoja aliyemaliza sheria alisema: "Hii iko makelele. Bafle yako imekufa." Nikamwambia bafle ni nzima, ni wao wenyewe wametaka besi ikwaruze hivyo. Akacheka: "Basi bamekufa beye."

Hili nalijibu kwa heshima lakini nalijibu. Mkwaruzo ule hawakuokota Paris. Konono No. 1, kundi la Mzee Mingiedi Mawangu, walianza zamani sana kupiga likembe mbele ya kelele za Kinshasa. Likembe ni chombo cha sauti ndogo, hakiwezi kushindana na magari. Wakachukua sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakatengeneza mikrofoni zao wenyewe. Sauti ikatoka kubwa, na ikatoka imekwaruzika. Wangeweza kuiona kama kasoro. Wao waliiacha, watu wakaipenda, ikawa ndiyo sauti yao. Konono wako ndani ya albamu hii, katika wimbo Malukayi, na Mzee Mingiedi alifariki Aprili 2015, kama mwezi mmoja tu kabla haijatoka. Kwa hiyo ukisikia mkwaruzo, usifikiri bafle imeharibika. Hiyo ni fundi ya watu waliokosa vyombo na wakakataa kunyamaza. Sisi wa Bunia tunaoishi na jenereta, moto zisizo na ekzosi na spika za kanisa zilizopasuka, tungepaswa kuwa wa kwanza kuitambua.

Oni la pili lilitoka kwa kaka mmoja wa uchumi: "Muzungu njo alifanya hii. Bazee baliimba tu, yeye akapeleka yote kwa mashini." Hapa ninampa nusu. Ni kweli Doctor L hakukaa pembeni. Alirekodi, alichanganya, na alipiga vyombo pia. Kuna mahali, hasa katikati ya albamu, sauti za Coco na Théo zinazama ndani ya mwangwi mpaka hata anayejua Lingala vizuri anashika neno hapa na pale. Hilo ni kosa kwangu. Watu waliozunguka Kinshasa yote kwa nguvu za mikono wana mambo ya kusema, na nilitaka niyasikie. Lakini nusu nyingine simpi. Ukimsikiliza mwimbaji anavyoingia kwenye Shégué, husikii mtu anayeburutwa na mashini. Besi inakimbia, ngoma inakimbia, na sauti iko mbele yao inawaambia waongeze mwendo. Na neno lenyewe, shégué, ni jina la Lingala la watoto wa barabarani. Staff Benda Bilili walikuwa wakiishi na watoto hao na kuwafundisha muziki. Neno lile hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa Paris.

Oni la tatu lilinyamazisha baraza. Binti mmoja, mdogo wa rafiki yangu, familia yao ilikimbia kutoka Djugu, alisema polepole: "Muziki si mbaya. Lakini Lingala ya kulalamika hivyo, usiku, na hiyo sauti ya chuma... mie nikisikia vile ninazima taa." Mnaelewa wenyewe. Huku kwetu Lingala ni lugha ya nyimbo tunazozipenda, lakini pia ni lugha ya watu wenye bunduki wanaogonga mlango. Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na kabla ya hapo hatukuwa na usingizi pia. Sikuwa na jibu kwake, na sasa pia sina. Naliandika hapa sababu mwandishi wa Ulaya hawezi kulisikia hilo ndani ya albamu, na pengine hata wa Kinshasa hawezi. Tulipunguza sauti. Tulisikiliza Coco Blues kwa sauti ndogo, na hapo yeye alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Oni la nne ni la baba mwenye nyumba, aliyetoka kuangalia tunafanya nini. Yeye ni mtu wa Zaïko na wa Papa Wemba. Alisimama mlangoni akangoja. Akangoja tena. Mwishoni akauliza: "Sebene inaingia saa ngapi?" Tulicheka sana, lakini swali ni la kweli. Sikio letu limefundishwa kwamba wimbo wa Kinshasa una nyumba mbili: kwanza maneno ya mapenzi, halafu gitaa linafungua mlango na watu wanasimama kucheza. Mbongwana Star wanakunyima mlango ule. Gitaa linazunguka mahali pamoja, linakaza, halikufungulii. Mzee aliona wamemdanganya. Mimi mara ya kwanza niliona hivyohivyo. Mara ya tatu ndipo nilianza kusikia kwamba kile kizunguzungu ndicho dansi yenyewe, tena gitaa halijirudii sawasawa, kila mzunguko linaongeza kitu kidogo. Muziki huu unaomba uvumilivu ambao rumba haikuwahi kutuomba.

Na hapa nasema kile ninachoamini. Albamu hii haikupotea kwetu kwa sababu ni mbaya. Ilipotea kwa sababu tulikuwa na nafasi mbili tu za kuwaweka watu kama Coco na Théo, na wao walikataa zote mbili. Nafasi ya kwanza ni ya kutuchezesha. Nafasi ya pili ni ya kutuhurumisha. Staff Benda Bilili, pamoja na uzuri wao wote, dunia iliwapokea kwa nafasi hii ya pili: angalia walemavu, angalia wanavyocheka. Wimbo wao Polio uliwaomba wazazi wapeleke watoto kupata chanjo, na ilikuwa kazi nzuri, watoa chanjo wanapita milangoni petu mpaka leo. Lakini katika From Kinshasa hakuna anayeomba kitu. Usipoambiwa, unaweza kusikiliza nyimbo zote kumi bila kujua kwamba waimbaji wanakaa kwenye viti vya magurudumu. Wamejipa haki ya kuwa wakali, wa ajabu, wa kuchosha hata, kama mwanamuziki yeyote.

Hili sikulivumbua mimi. Nilionyeshwa na mtu wa saba wa baraza letu. Ni jirani, tunamwita Papa, anatengeneza simu kwenye kibanda chake cha mbao hapa kartie. Naye polio ilimshika mguu akiwa mdogo, anatembea kwa baiskeli ya kusukuma kwa mikono. Alikaa saa nzima bila kusema neno. Wimbo wa mwisho ulipoisha, ule wa polepole unaouliza milioni moja ni kitu gani, ndipo nikawaambia ni akina nani wanaimba. Wote wakageuka kumwangalia. Mnajua jicho lile. Papa akasema: "Munaniangalia nini? Dakika mbili zilizopita mulikuwa munabishana na bao." Halafu akaniuliza swali moja tu: "Balilipwa?"

Sikujua la kumjibu vizuri. Najua tu kwamba kundi la kwanza lilivunjika katikati ya magomvi, na kundi la pili halikuleta albamu nyingine. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na sisi wote tulifurahi, mimi wa kwanza. Lakini urithi ni rahisi kuupenda. Kitu kipya kinachokuja kikiwa na kelele, kikiwa na wazee wawili ambao hatukuwazoea kwa sura hiyo, hicho hatukujua tukiweke wapi. Hata vijana wa sokoni wanaojaza muziki kwenye kadi za simu hawana hata wimbo mmoja wao. Nimewauliza wanne. Wana rumba, wana Bongo Fleva, wana nyimbo za Uganda, wana gospeli ya kila kona. Mbongwana Star, mmoja aliniuliza kama ni timu ya mpira.

Sisemi albamu haina kasoro. Nimeshasema maneno yanazama. Naongeza kwamba kuna nyimbo mbili tatu za katikati zinazofanana mno, na mtu anayesikiliza kwa simu bila bafle atakosa besi, na bila besi hii albamu ni mifupa. Pia yule dada wa sheria hakubadilisha mawazo. Alisema amesikia maelezo yangu yote na bado ni makelele. Ni haki yake.

Lakini ninyi mnaosoma hapa, mliosoma miaka mitano au zaidi mkaambiwa kila siku mlete mabadiliko, jipeni dakika arobaini na kitu. Tafuteni bafle ya kweli. Anzeni na Shégué, siyo na Coco Blues, ili wawagombeze kwanza kabla ya kuwabembeleza. Mkifika Malukayi sikilizeni likembe inavyoingia. Msiambiwe na mtu, hata mimi, kwamba ni nzuri.

Jumatatu yake Papa aliniomba niiweke kwenye kadi yake. Jumatano nilipita kwenye kibanda, Kala ilikuwa inalia, na mama mmoja aliyeleta simu yenye kioo kilichopasuka alimwomba apunguze. Papa alipunguza. Kidogo tu.