Black Mirror imerudi, na abonema yake

Tangu msimu wa 7 wa Black Mirror utoke tarehe 10 Aprili 2025, rafiki zangu wa Kolwezi wako na neno moja tu mdomoni: "USS Callister". Ni kweli, ni mara ya kwanza Charlie Brooker, yule Muingereza aliyeanzisha seri hii, anachukua hadithi yake ya zamani (ya 2017) na kuiendeleza. Saa moja na nusu tunakaa tena na Nanette Cole ndani ya chombo chake, tunacheka, tunafurahi. Lakini kwangu kukutana tena na sura tunazozijua si kurudi. Seri imerudi kwenye kipindi cha kwanza, "Common People", kile ambacho wengi wamekipita mbio sababu kinahuzunisha.

Kwa wasiojua njia yake: ilianza 2011 kwenye Channel 4 ya Uingereza, halafu 2016 ikahamia Netflix. Mwaka 2023, msimu wa 6, ilituchanganya. Mara shetani, mara mtu anageuka mnyama. Sina ugomvi na mashetani, lakini filimu za mashetani tuko nazo mingi, hakuna haja ya kungoja Brooker. Kile anachojua yeye ni kuchukua kitu ambacho mutu alikuwa nacho bure na kuonyesha jinsi kinavyomtoka mkononi, kisha anauziwa tena, kipande kwa kipande.

"Common People" ni hiyo. Amanda, mwalimu, anaanguka darasani, wanamkuta na uvimbe kwenye ubongo. Kampuni moja inamwambia mume wake Mike, fundi wa kuchomelea vyuma: opereso ni bure. Bure kabisa! Kitakacholipwa ni abonema, dola 300 kila mwezi, ili ile sehemu ya ubongo iliyotolewa ifanye kazi kupitia mitambo ya kampuni. Wanasaini. Nani hangesaini? Halafu siku moja wanatoka na gari kwenda kwenye hoteli yao ndogo ya kila mwaka, wanavuka mpaka wa rezo, Amanda anazimika sawa simu. Kumbe kuna abonema ya juu zaidi. Asiyeilipa anaanza kusema matangazo ya biashara katikati ya mazungumzo, naye mwenyewe hajui kama ameyasema. Hata mbele ya wanafunzi wake.

Kila mutu wa hapa aliyeona kipindi hiki alifikiri megabaiti. Ni haki yake. Ukitoka Mutshatsha kidogo tu, rezo inakuaga, na forfé inaisha usiku wakati haujaitumia. Lakini mimi ni agronomo, na nilichofikiri ni mahindi.

Walisansie wenzangu wa kilimo wanajua. Mbegu ya mahindi ya hibridi, ile F1, inazaliwa kwa kukutanisha wazazi wawili waliochaguliwa. Msimu wa kwanza shamba linasimama sawasawa, magunzi makubwa, jirani anakuja kuangalia. Ukiweka akiba ya punje zake na kuzipanda mwaka unaofuata, shamba linachanganyikana: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, mavuno yanashuka. Si uchawi, si ubaya wa mutu, njo namna biolojia yake inavyofanya. Kwa hiyo lazima ununue tena kila mwaka, na bila mbolea ile mbegu haitoi ilichoahidi. Sasa angalia inavyoingia kijijini: proje inafika, msimu wa kwanza inagawa mbegu bure. Opereso ni bure. Mama mmoja mwenye shamba kando ya reli aliniuliza, "Mwanangu agronomo, hii ni ya kulipa kila mwaka sawa forfé?" Nilimjibu ndiyo. Hakukuwa na karatasi yoyote ya proje iliyomwambia hivyo kabla yangu.

Sisemi hibridi itupwe. Mwenye pesa ya mbegu na ya mbolea, na njia ya kufikisha gunia sokoni, anapata faida kweli. Kwa wengine kuna mbegu za kawaida ambazo mkulima anaweza kujichagulia mwenyewe misimu kadhaa, akichukua magunzi mazuri ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani. Zinatoa kidogo kuliko hibridi, lakini anaweza hata kumgawia dada yake.

Hapo kwa dada njo niko na lawama kwa kipindi. Mike na Amanda wako peke yao kupita kiasi. Hakuna shemeji, hakuna wajomba, hakuna kanisa. Mike anajidhalilisha kwenye intaneti mbele ya watu asiowajua ili apate pesa, na wewe unajiuliza: familia iko wapi? Kwetu wangekusanya. Niliiona mara ya pili, nikaona Brooker angeweza kuweka ukoo mzima na hadithi ingekuwa ya kutisha zaidi. Sababu kotizasio yetu inajua kulipa jeneza, inajua kulipa opereso. Abonema haiijui. Mwezi wa kwanza kanisa zima linachanga, wa tatu wanabaki ndugu wa tumbo moja, wa saba simu zimezimwa. Hicho ndicho kipindi ningependa kuona, na hakuna aliyekitengeneza.

Najua mnangoja kobalti, kwa vile niko Lualaba. Basi: katika misimu yote 7 kila mutu ana kifaa chenye betri, na shimo hatujaliona hata mara moja. Nimemaliza.

Kwa wale wa kilimo, kuna cha kutazama kabla ya msimu wa 7: "Hated in the Nation", cha 2016, ambamo nyuki wamekwisha na kampuni moja imetengeneza nyuki wa mashine. Bukari yetu ingepona, maana mahindi huchavushwa na upepo na mihogo tunapanda vijiti. Maboga na matikiti hapana. Na miti ya miombo inayowalisha nyuki wetu tunaichoma makala kila siku, hatungoji mashine. Kipindi ni kirefu, dakika 89, na kwa Kifaransa kiko kwenye flashi yangu. Anayekitaka alete yake tupu, siku kuran iko.