Kanyagio na Kidole: Uhakiki wa Sauti-tambulishi ya Gitaa la Jimi Hendrix, 1966–1970

Makala haya yanahakiki nafasi ya vifaa vya kielektroniki vya kubadili sauti katika upigaji gitaa wa Jimi Hendrix, tangu alipowasili London mwezi Septemba 1966 hadi alipofariki dunia katika jiji hilohilo tarehe 18 Septemba 1970. Katika maandishi mengi yanayomhusu mwanamuziki huyu, vifaa hivyo hutajwa kwa namna mbili zinazokinzana. Upande mmoja huviona kuwa ni mapambo: kiini cha sanaa kimo vidoleni, na kanyagio ni kiungo kinachokoleza mchuzi uliokwisha kuiva. Upande wa pili huviorodhesha mithili ya dawa za mganga. Anayevipata vyote na kuvipanga sawasawa anatarajiwa kutoa sauti ileile. Mitazamo yote miwili inakwepa swali la msingi: kifaa kinaingiaje katika maana ya utungo? Swali hili likijibiwa vibaya, "Machine Gun", ambao bila shaka ndio utungo mzito kuliko yote aliyoiacha, hubaki kusomwa kama maigizo ya mlio wa bunduki.

Neno kanyagio, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulihusisha kwanza na baiskeli au cherehani, linatumika hapa kwa kisanduku kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na kikuza sauti, nacho huamriwa kwa mguu. Ulinganisho na cherehani una faida yake kiuchambuzi. Fundi cherehani hatumii mguu kuwasha na kuzima mashine tu; mguu huamua mwendo wa sindano wakati mikono inaelekeza kitambaa, na mshono ni kazi ya viungo vyote kwa pamoja. Mhakiki anayeuliza kama mshono ni wa mguu au wa mkono ameuliza swali lisilo na jibu. Ni vyema jambo hilo likumbukwe katika hoja zinazofuata.

Mkwaruzo na udhibiti wake

Sauti ya mkwaruzo iliingia katika muziki wa Marekani kwa ajali. Katika wimbo wa Marty Robbins "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961, sehemu moja ya mitambo ya studio jijini Nashville iliharibika wakati Grady Martin akipiga gitaa la besi, na sauti ikatoka ikiwa imechanika. Glen Snoddy, fundi mitambo aliyesimamia kazi hiyo, alichunguza hitilafu ile badala ya kuitupa, na kutokana nayo kikapatikana kifaa cha Maestro kilichoingia sokoni mwaka 1962. Miaka mitatu baadaye kundi la Rolling Stones lilikifanya kijulikane duniani kote. Hendrix alipofika Uingereza, kwa hiyo, mkwaruzo haukuwa ugunduzi tena. Kilichokuwa kipya ni kanyagio la Fuzz Face, lililotengenezwa na kampuni ya Arbiter ya London mwaka huohuo wa 1966, kisanduku cha duara ambacho umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni.

Ndani ya kisanduku hicho mna vitu vichache mno: transista mbili, vipande vingine visivyozidi kiganja kimoja, betri ya volti 9, na vitufe viwili vya kuzungusha. Transista hukuza mkondo kupita kiwango ambacho zinaweza kuubeba, ncha za wimbi la sauti zikakatwa kama majani yaliyofyekwa. Wimbi lililokuwa na mzingo hukaribia umbo la mraba, na pamoja na noti iliyopigwa huzuka haramoni nyingi za juu. Noti hiyo pia hudumu kwa muda mrefu kuliko kawaida ya uzi wa gitaa.

Hadi hapo maelezo ni ya kifundi, na wahakiki wengi huishia hapo. Sifa muhimu zaidi ya Fuzz Face kwa uhakiki ni nyingine. Mzunguko wake wa umeme hauingiliani na gitaa kama geti linavyopitisha mtu. Huulemea mkondo wa gitaa na kuitikia kila mabadiliko yake. Mpigaji akipunguza sauti kwa kitufe kilicho kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo hupungua hadi sauti ikakaribia kuwa safi, hali kanyagio bado limewashwa. Hivyo basi, Hendrix hakuwa na hali mbili tu, safi na chafu. Alikuwa na mteremko mzima kati ya hizo mbili, na mteremko huo aliuongoza kwa kidole, si kwa mguu. Hoja ya upande wa kwanza kwamba sanaa imo vidoleni inapata ushahidi hapa, lakini ushahidi wenyewe unaigeuka: kidole hicho kinatenda kazi ambayo bila kisanduku isingekuwepo.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wenye orodha. Transista za awali za Fuzz Face zilikuwa za madini ya jerimaniamu, ambazo tabia yake hubadilika joto linapopanda au kushuka, na ambazo hazikufanana moja na nyingine hata zilipotoka kiwanda kimoja. Baadaye zilifuata za silikoni, zenye sauti kali zaidi na utulivu mkubwa zaidi. Jina "Fuzz Face" katika orodha ya vifaa vya Hendrix, basi, halitaji kitu kimoja. Linataja familia ya vitu vilivyotofautiana kwa mwaka, kwa kisanduku, na hata kwa hali ya hewa ya ukumbi. Mnunuzi wa leo anayetafuta "sauti yenyewe" anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kutulia.

Octavia na suala la umilikaji

Roger Mayer, Mwingereza aliyefanya kazi ya utafiti wa sauti katika idara ya jeshi la majini, alimtengenezea Hendrix kifaa kilichoitwa Octavia. Kilisikika kwa mara ya kwanza katika sehemu za solo za "Purple Haze" na "Fire", zilizorekodiwa mwanzoni mwa mwaka 1967. Kazi yake ni kulikunja wimbi la sauti: nusu ya chini hupinduliwa na kuelekezwa juu, idadi ya mitetemo ikawa maradufu, na kivuli cha noti hiyo kikasikika oktava moja juu yake. Kivuli hicho huwa dhahiri zaidi noti inapopigwa moja moja na juu kabisa ya shingo ya gitaa. Noti mbili zikipigwa pamoja, hugombana na kuzaa sauti ya tatu isiyokuwa katika funguo yoyote.

Mtu anayesikiliza solo ya "Purple Haze" kwa makini atagundua kuwa mpangilio wa noti umekitii kifaa. Hendrix anaepuka makodi na kushikilia mistari ya noti mojamoja katika sehemu za juu, pale Octavia inapoitikia vizuri. Utunzi umefuata mzunguko wa umeme, na mzunguko wenyewe ulikuwa umetengenezwa kwa kumsikiliza mtunzi. Octavia haikuwa bidhaa ya dukani wakati huo. Ilikuwa mazungumzo ya watu wawili, ikirekebishwa kadiri kazi ilivyoendelea. Uhakiki unaomtaja Mayer katika tanbihi kama "fundi" unamnyima nafasi ambayo uhakiki wa fasihi simulizi ungempa bila kusita mtu anayeshiriki kuunda utendaji. Haidaiwi hapa kuwa Mayer alitunga "Purple Haze". Linalodaiwa ni kwamba mpaka kati ya chombo na utungo, katika solo ile, hauonekani ulipo.

Wawa: mguu unaotamka

Kanyagio la wawa lilibuniwa Marekani mwaka 1966 katika kampuni ya Thomas Organ, ambapo Brad Plunkett alikuwa miongoni mwa wahandisi, na toleo la Vox likauzwa kwa jina la mpiga tarumbeta Clyde McCoy. Jina hilo linaonyesha lengo: kuiga tarumbeta inayofunikwa na kufunuliwa mdomo wake. Mguu ukisukuma kanyagio, kilele cha masafa yanayopewa nguvu husogea juu, ukirudi, hushuka. Kinywa cha binadamu hufanya vivyo hivyo kinapotoka irabu "u" kwenda "a". Kwa sababu hiyo gitaa huonekana linatamka.

Hendrix alilitumia kwa mara ya kwanza katika rekodi ya "Burning of the Midnight Lamp" mwaka 1967, na hapo bado linafanya kazi lililokusudiwa. Katika "Voodoo Child (Slight Return)" ya mwaka 1968 mambo ni tofauti kabisa. Utungo unaanza na nyuzi zilizozibwa kwa kiganja, zisizotoa noti yoyote, zikikwaruzwa kwa mdundo huku mguu ukitembea. Hakuna melodia ya kutamkwa. Kuna pumzi na mdundo tu, yaani ngoma iliyopigwa kwa gitaa. Kifaa kilichoundwa kuimba kimetumiwa kupiga ngoma. Matumizi haya hayamo katika waya wala katika maelekezo ya mtengenezaji, na ndiyo yanayowashinda wanaodhani kuwa orodha ya vifaa inatosha.

Pingamizi

Inaweza kupingwa kuwa Hendrix hutambulika hata pale ambapo vifaa hivi havipo. Pingamizi hili lina nguvu. "The Wind Cries Mary" ya mwaka 1967 ina gitaa safi, na bado msikilizaji humtambua baada ya sekunde chache kwa jinsi kidole gumba kinavyopita juu ya shingo ya gitaa kushika besi, hali vidole vingine vikiachwa huru kupambia kodi. Jambo hilo linathibitisha kuwa sauti-tambulishi yake ilikuwa na chanzo zaidi ya kimoja. Halithibitishi kuwa vyanzo vingine ni mapambo. Mtu hutambulika kwa mwendo wake na pia kwa sauti yake. Kumtambua kwa kimoja hakukifanyi cha pili kuwa vazi.

"Machine Gun"

Uni-Vibe, kifaa cha kampuni ya Shin-ei ya Japani kilichobuniwa na Fumio Mieda, kilimfikia Hendrix katika mwaka 1969. Ndani yake mna taa ndogo inayopwaya, ikiangazia seli nne zinazohisi mwanga. Kadiri mwanga unavyoongezeka na kupungua, sehemu za wimbi hucheleweshwa kwa viwango vinavyobadilika, na sauti husikika kama inayozunguka chumbani. Mwishoni mwa 1967, katika wimbo mkuu wa albamu *Axis: Bold as Love*, athari inayokaribiana na hii ilipatikana studioni kwa mashine za tepu, kazi ya Eddie Kramer na George Chkiantz. Uni-Vibe iliwezesha kitu kama hicho kubebwa hadi jukwaani. Katika mpangilio wa Hendrix wawa lilitangulia, likafuata Fuzz Face, kisha Uni-Vibe, ndipo vikuza sauti vya Marshall. Mfuatano huo una maana: mzunguko wa Uni-Vibe hupita juu ya sauti ambayo mkwaruzo umekwisha kuijaza haramoni, kwa hiyo una mengi ya kuzungusha.

Katika onyesho la tarehe 1 Januari 1970 kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, Hendrix akiwa na Billy Cox na Buddy Miles, "Machine Gun" ulichukua zaidi ya dakika 12. Kabla ya kuanza aliutoa wakfu kwa wanajeshi wanaopigana katika miji ya Marekani, ndipo akawataja wale wa Vietnam, kana kwamba hao wa pili wamekumbukwa baadaye. Mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miavuli.

Usomaji uliozoeleka hukamata tanakali sauti: ngoma ya Miles na gitaa vinaiga risasi kwa mapigo ya mfululizo. Tanakali hiyo ipo, lakini ni sehemu nyepesi kuliko zote za utungo, na kwa kweli inatolewa zaidi na ngoma na mkono wa kushoto kuliko na kanyagio lolote. Kazi ya vifaa iko kwingine. Uni-Vibe haizimwi risasi zinaponyamaza. Katika mafungu ya chini, Hendrix anapoimba karibu kwa kunong'ona, mzunguko wa taa ile unaendelea chini ya kila noti, polepole, ukiinyima ardhi utulivu hata pale ambapo hakuna kinachoshambulia. Lugha ya fasihi ingeliita jambo hili takriri ya kimyakimya: kitu kinachorudiwa bila kutamkwa, hadi msikilizaji anaacha kukisikia huku kikiendelea kumtendea kazi.

Kisha inakuja noti inayofungua solo. Ni noti moja, inayoshikiliwa kwa muda ambao uzi wa gitaa peke yake usingeweza. Mkwaruzo na sauti inayorudi kutoka kwenye spika hadi kwenye nyuzi vinailisha ili isife. Bunduki hailii hivyo. Wakati wa noti hiyo mkono wa kushoto hauna la kufanya. Wa kushoto au wa kulia, yeyote aliyeigiza risasi amesimama. Kinachosikika ni kilio cha mtu, na mtu huyo katika maneno ya wimbo ndiye anayelengwa. Msomaji wa tanakali, ambaye masikio yake yameelekezwa kwenye silaha, anampita aliyepigwa. Noti ile inaposhuka hatimaye, mzunguko wa Uni-Vibe bado upo chini yake, kwa mwendo uleule uliokuwepo kabla haijapigwa.