Ubao wa Rangi na Utepe: Juu ya Picha ya Frida Kahlo na Diego Rivera

Picha ya Frida Kahlo na mumewe Diego Rivera, aliyoichora Bibi Kahlo mjini San Francisco mwezi wa Aprili 1931, imesomwa mara nyingi kuwa ni picha ya mke mnyenyekevu. Wasemao hivyo hawakosi ushahidi. Mume amesimama kama mwamba, viatu vyake vizito vimekanyaga chini barabara. Mke, aliye mdogo kwake kwa miaka 20, ameinamisha kichwa upande, na miguu yake midogo ni kama kwamba haigusi ardhi. Tena ubao wa rangi na brashi vimo mkononi mwa mume. Mke, naye ni mchoraji, hana chombo chochote cha kazi.

Hoja hii yaishia katika miili miwili. Mwanafunzi wa lugha hana budi kutazama juu, ambako ndege amebeba utepe wenye maandishi ya Kihispania. Humo asemaye ni mke. Ataja jina lake kwanza, ndipo ataje la mume wake mpenzi. Kisha aeleza kwamba yeye ndiye aliyezichora sura hizi, mji gani, mwezi gani, na kwamba alizichora kwa ajili ya rafiki yao Albert Bender. Basi mkono wa mume wadai uchoraji, na kitenzi cha utepe, kilicho katika nafsi ya kwanza umoja, chaurudisha kwa mke. (Kihispania huificha nafsi hiyo mkiani mwa kitenzi, Kiswahili chetu huitanguliza, na mfasiri angekuwa na kazi nyepesi hapa.) Nami naona kitenzi ndicho chenye haki, maana hata brashi zile alizoshika Rivera zimechorwa na Kahlo.

Wako watakaojibu kwamba utepe ni pambo la desturi tu. Ni kweli, picha za kale za Mexico, za wakubwa na zile ndogo za nadhiri, zilikuwa na maandishi ya namna hii, na Kahlo alizipenda. Lakini mtu achaguaye desturi impayo nafasi ya kusema "mimi" amekwisha kuchagua kusema.

Yafaa kulinganisha. Mwaka ule ule, katika mji ule ule, Rivera alijichora ukutani mwa chuo cha sanaa, ameketi jukwaani, amewapa watazamaji mgongo, yu kazini. Mkewe amemgeuza atukabili. Amempa ubao na brashi, asimpe kitu cha kuchora. Kuna mzaha humo, wala si uchungu.

Kwa ufundi picha hii si kamili: sura ya Rivera ni kavu, na nyuma yao ni patupu mno. Kilicho bora ni mikono yao katikati, ilivyoshikana kwa wepesi hata mtu asijue ni nani amshikaye mwenzake.

Waliachana mwaka 1939, wakaoana tena 1940. Mwaka 1949, Rivera alipofanyiwa maonyesho makubwa ya kazi zake, Kahlo alimwandikia makala, akaiita nayo picha ya Diego. Safari hii chombo kilikuwa maneno matupu, na humo alikataa waziwazi kumweleza kama mume wake.