Kulala Bologna: kuchagua mji wa kitanda katika ziara ya treni Italia

Anayezunguka miji ya Italia kwa treni ana maamuzi mawili, na wengi huyachanganya: aone miji ipi, na alale mji upi. Mpango wa kawaida hulala palepale panapoonwa. Leo Parma, kesho Modena, keshokutwa Bologna, halafu Ferrara, halafu Ravenna, usiku mmoja kila mji. Ukiutazama kwenye karatasi unapendeza. Gharama yake haionekani kwenye bei ya chumba. Hoteli nyingi hutaka uwe umetoka saa nne au saa tano asubuhi, na hoteli ya pili haikupokei mpaka saa nane au saa tisa mchana. Saa zote hizo za katikati, ambazo ndizo bora za kutembea, unazimaliza ukiburuta begi juu ya mawe ya barabarani au ukitafuta pa kuliacha. Vituo vikubwa vina sehemu ya kutunzia mizigo kwa malipo. Vituo vya miji midogo mara nyingi havina.

Kwa hiyo kila unapohama umetoa karibu nusu siku. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, na ndiyo sababu katika eneo la Emilia-Romagna mimi husema bila kusita: lala Bologna, miji mingine yote iendee asubuhi na urudi jioni.

Sababu yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 187 kabla ya Kristo, konsuli wa Kirumi Marcus Aemilius Lepidus alijenga barabara kutoka Rimini, pwani ya Adriatiki, hadi Piacenza kwenye mto Po. Miji ikakua juu ya barabara hiyo, na reli ya karne ya 19 ikafuata mstari uleule: Piacenza, Parma, Reggio Emilia, Modena, Bologna, Imola, Faenza, Forlì, Cesena, Rimini. Bologna iko katikati ya mstari. Tena si katikati tu, kwa kuwa hapo hapo reli nyingine zinachipuka: moja kaskazini kwenda Ferrara, Padova na Venezia, nyingine kwenda Verona, nyingine kusini kuvuka milima ya Apenini hadi Prato na Firenze. Anayelala Parma akitaka kwenda Ferrara kwa kawaida hupitia Bologna. Anayelala Ravenna akitaka kwenda Modena, vivyo hivyo. Wa Bologna ameshafika kwenye makutano kabla hajanywa kahawa.

Tuangalie muda. Kwa treni za mkoa, zile ziitwazo Regionale, Modena haifiki nusu saa kutoka Bologna, Ferrara ni kama nusu saa au zaidi kidogo, Parma ni saa moja hivi, na Ravenna inazidi saa moja kidogo. Nauli ya treni hizi hupangwa kwa umbali na haipandi kadiri siku inavyokaribia. Hazina namba ya kiti, kwa hiyo hakuna kuambiwa tiketi zimekwisha. Maana yake kwa mpangaji ni kubwa: huhitaji kuamua leo utakwenda wapi Alhamisi. Mvua ikinyesha, utaamka na kwenda Modena ukakae ndani ya kanisa kuu. Jua likiwaka, utakwenda Ferrara ukatembee juu ya kuta za mji, ambazo zinauzunguka kwa takriban kilomita 9. Kitanda hakibadiliki, kinachobadilika ni treni. Jambo moja tu la kuzingatia: tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima igongwe kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla hujapanda. Mkaguzi hasikilizi hoja kwamba ulikuwa hujui.

Firenze nimeiacha kwa makusudi. Ramani inashawishi. Treni ya mwendokasi hutoka Bologna hadi Firenze kwa dakika chini ya 40, kwa njia iliyofunguliwa Desemba 2009 ambayo karibu yote iko ndani ya mahandaki chini ya milima. Lakini nauli ya treni hizo hupanda na kushuka kama ya ndege, na tiketi ya bei nafuu hukufunga kwenye treni moja tu. Uhuru ule wa kuamua asubuhi unapotea. Isitoshe, majukwaa ya mwendokasi pale Bologna, namba 16 hadi 19, yako chini kabisa ya ardhi, na kutoka mlango mkuu hadi huko ni ngazi baada ya ngazi. Jipe dakika kumi. Firenze ni mji wa kuutolea kitanda chake wenyewe. Kuufanya wa kwenda na kurudi ni kuudhulumu.

Sasa treni ya mwisho. Mpango wa kulala mahali pamoja una adui mmoja, naye ni treni ya kurudi ambayo haipo. Ukifika kituo cha mji unaoutembelea, kabla hujatoka mlangoni, tafuta bango la ratiba ukutani. La manjano ni la treni zinazoondoka, jeupe ni la zinazowasili. Nimeona watu wakisoma jeupe kwa makini na kujipa moyo kwa treni inayokuja badala ya inayokwenda. Kwenye lile la manjano shuka hadi saa za jioni, kisha tazama alama ndogo pembeni ya namba ya treni. Nyundo mbili zilizopishana maana yake treni hiyo hukimbia siku za kazi tu, na Jumamosi imo. Msalaba maana yake hukimbia Jumapili na sikukuu. Watalii wengi hukwamishwa na alama hizo mbili kuliko na foleni yoyote. Ratiba zenyewe hubadilika katikati ya Desemba na katikati ya Juni, kwa hiyo ya rafiki yako aliyekwenda Mei haitakufaa Julai.

Ravenna ndiyo mfano wa kupima nao. Baadhi ya treni zake huenda moja kwa moja, nyingine zinakutaka ubadilishe Castel Bolognese au Faenza, na baada ya saa za jioni nafasi kati ya treni na treni hurefuka. Je, basi ulale huko? Jibu langu ni hapana, na sababu yangu haitoki kwenye ratiba. Utajiri wa Ravenna ni picha za vipande vidogo vya vioo na mawe za karne ya 5 na ya 6, zilizobandikwa kwenye kuta na dari za San Vitale, kaburi la Galla Placidia na Sant'Apollinare Nuovo. Vyote viko ndani ya majengo, na majengo yana saa ya kufunga. Milango ikishafungwa, kilichokuleta kimekwisha kwa siku hiyo. Anayetaka pia Sant'Apollinare in Classe, lililo nje ya mji, ana kituo kidogo cha Classe kwenye reli ya Rimini, ila aondoke Bologna mapema.

Swali hilo ndilo ninalolitumia kwa kila mji: thamani yake iko ndani ya milango inayofungwa, au iko mitaani baada ya wageni wa kutwa kuondoka? Parma na Modena zinaangukia upande wa kwanza. Venezia iko upande wa pili, bila mjadala. Daraja la reli lililofunguliwa 1846 huleta umati asubuhi na kuurudisha bara jioni, na kinachobaki usiku ni mji mwingine kabisa, wenye maji, nyayo za watu na sauti za vyombo jikoni. Mestre, upande wa bara, iko dakika kumi tu kwa treni na vyumba vyake ni vya bei ya chini, lakini kwa mtu mwenye usiku mmoja tu wa Venezia mimi ningebana kwingine kokote nipate kulala kisiwani. Mwenye usiku kadhaa anayetaka pia Vicenza na Verona alale Padova, ambako reli ya Bologna hukutana na ile ya Milano na Venezia. Tangu 2024 Venezia hutoza ada wageni wa kutwa katika siku zinazotangazwa. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, hadaiwi, ila hulipa kodi ya kulala kama ilivyo katika miji mingi ya Italia.

Miji ya vilimani ina sheria yake. Msafiri wa SGR ya Mombasa anayeshuka Miritini anajua kwamba jina la mji kwenye tiketi halimaanishi umefika mjini. Orvieto ni hivyo: treni hukuacha chini bondeni, na kigari kinachovutwa kwa kebo ndicho kinachokupandisha, nacho hakifanyi kazi usiku kucha. Kituo cha Assisi kiko Santa Maria degli Angeli, kilomita kadhaa kutoka kilimani, kwa basi. Siena hufikiwa kwa reli ya pembeni kutoka Empoli, sehemu kubwa ikiwa ya njia moja ambako treni hungojana kupishana, na ukishuka kuna ngazi za umeme ndefu hadi lango la juu. Miji ya namna hii haifai kuwa makao, maana kila safari ya kutoka ni kushuka mlima na kila kurudi ni kuupanda. Lakini Siena na Orvieto zinastahili usiku mmoja mmoja kwa ajili ya jioni yake. Nenda na begi dogo, kubwa liache.

Migomo ya reli Italia hutangazwa mapema. Siku za kazi, sheria hulinda treni za mkoa zilizo muhimu katika vipindi viwili: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Aliyelala kwenye makutano anaweza kutoka katika kipindi cha kwanza na kurudi katika cha pili, na siku yake ikabaki salama. Anayehama siku hiyo na mizigo yake mchana hana bahati hiyo.

Bologna nayo ina kasoro yake, nayo ni maonyesho ya biashara. Wakati wa maonyesho ya vitabu vya watoto majira ya kuchipua, na yale ya vigae, Cersaie, mwezi Septemba, vyumba hupanda bei vibaya sana au huisha. Tarehe zako zikigongana nayo, hamishia kitanda Modena au Ferrara. Unapoteza makutano, lakini uko treni moja tu kutoka hapo. Ndani ya Bologna kwenyewe, tafuta chumba kati ya kituo na Piazza Maggiore, umbali wa kutembea usiozidi dakika 20, karibu wote chini ya vibaraza vya Via dell'Indipendenza. Hata mvua ikinyesha begi halilowi.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna sababu moja zaidi ya kupenda makao machache. Ombi la viza ya Schengen hudai uthibitisho wa mahali pa kulala kwa safari nzima. Mpango wa kitanda kipya kila usiku ni rundo la karatasi ambazo tarehe moja ikikosewa zinagombana zenyewe. Makao mawili au matatu, yaliyokatiwa kwa sharti la kufuta bila malipo, yanasomeka vizuri mezani kwa ofisa na yanakuachia nafasi ya kubadili mawazo.

Usiku wa mwisho ndio pekee ninaoupangia kwa kufuata ndege. Kutoka Bologna hadi Roma kwa mwendokasi ni saa mbili na ushei, na kutoka kituo cha Termini hadi uwanja wa Fiumicino ni dakika 32 kwa treni ya Leonardo Express. Ndege ikiondoka usiku, lala Bologna na uondoke asubuhi kwa utulivu. Ikiondoka kabla ya saa sita mchana, hamia Roma jana yake, karibu na Termini.