Nani Alikuwa na Chupa?

Katika miezi mitatu nilifuta jina la mtu mmoja karibu mara arobaini, na hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza shahada ya kwanza, nimepata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi ya mawasiliano ya hifadhi moja ya binafsi kaskazini mwa Mlima Kenya. Mpiga picha alileta picha za ndama wa kifaru aliyebaki bila mama. Mimi niliandika sentensi mbili tatu za kuwekwa chini yake, nazo zikaenda mitandaoni na kwenye barua za wafadhili. Mtunzaji alikuwa karibu kila picha: mkono wake, gambuti zake, mara nyingine uso mzima. Niliandika "mtunzaji wake". Siku moja, nikijiona mshairi, niliandika "mama yake mpya". Mwenyewe ni baba wa watoto wanne. Nilipomwonyesha kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyofuata tulitoa picha ya mgeni kutoka ng'ambo akimshikia ndama chupa ya maziwa. Ilipendwa kuliko zote. Mzee aliitazama muda mrefu, akanirudishia simu. "Ni nzuri, msichana wangu," akasema. "Na saa tisa usiku, nani alikuwa na chupa?"

Sasa nasoma shahada ya uzamili na tasnifu yangu inahusu picha za uhifadhi. Kila ninapokaa mbele ya picha, kitabu au filamu kuhusu vifaru yatima, nauliza swali hilo kabla ya maswali yote niliyofundishwa darasani. Si swali la haki kila mara. Lakini kazi nyingi zinazosifiwa hazina jibu.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ambaye hajaingia kwenye banda. Ndama wa kifaru mweusi huzaliwa na kilo arobaini hivi. Maziwa ya mama yake yana mafuta kidogo sana, kwa hiyo huwezi kumpa ya ng'ombe kama yalivyo. Yanachanganywa kwa vipimo, na ukikosea anaharisha, na kuhara kunaua. Ananyonya kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Porini angekuwa ubavuni mwa mama yake kwa miaka miwili na zaidi, kwa hiyo hakubali kuachwa peke yake: mtu analala naye au kando yake, anamfunga blanketi baridi ya mlima inaposhuka, anatembea naye vichakani kutwa nzima. Anapakwa tope, kwa sababu tope ndilo linalomkinga ngozi na jua na wadudu. Macho yake ni dhaifu. Anakujua kwa harufu na sauti. Na mavi! Vifaru hujuana kwa marundo ya mavi, na ndama anayeandaliwa kurudi porini hupelekwa kwenye marundo hayo, anuse na aongeze yake, ili wenyeji wa eneo wamzoee kabla hawajakutana naye uso kwa uso. Picha nilizoziandikia hazikuwa na mavi hata moja.

Picha mashuhuri kuliko zote katika aina hii ni ya Ami Vitale, iliyopigwa Lewa mwaka 2014 na kupata zawadi ya pili ya World Press Photo mwaka 2015 upande wa mazingira asilia. Vijana wa Kisamburu, shanga shingoni, wanamgusa kifaru mdogo kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ni picha nzuri, na sitaki kujifanya siioni. Inaondoa mgeni katikati na kumweka mwenyeji. Inasema jambo la kweli na la aibu: kwamba Wakenya wengi hukua jirani na wanyama hawa na wasiwaone kamwe, kwa kuwa uzio na bei ya kiingilio viko upande wa watalii.

Lakini mtazame ndama. Ametulia kati ya mikono mingi ya watu asiowajua. Mnyama anayeishi kwa pua hatulii hivyo bure. Mahali fulani, ndani ya fremu au hatua mbili nje yake, kuna mtu ambaye harufu yake inamwambia kwamba yote ni salama, na mshangao wa vijana wale, ambao ndio maana ya picha, umesimama juu ya miezi ya usiku wa mtu huyo. Picha inasema "mara ya kwanza". Kwa ndama ilikuwa siku nyingine ya kazi ya mtu fulani.

Haki itendeke: Vitale huyohuyo amempiga picha Kamara, mtunzaji wa Lewa, akisuguana uso na ndama aitwaye Kilifi, na jina lake limeandikwa, pamoja na saa kumi na mbili anazokaa nao kila siku, hata mvuani. Ni zaidi ya nilivyofanya mimi. Hata hivyo Kamara tunayemwona amefumba macho, paji lake limegusa paji la ndama. Anapenda. Watunzaji katika picha hizi wanapenda tu. Hawapimi maziwa, hawabishani juu ya zamu, hawaogopi. Upendo upo, niliuona. Ila ukionyeshwa peke yake unageuka sababu ya kutouliza habari za mshahara.

Neno "yatima" nalo linafanya kazi yake kimyakimya. Bibi yangu, Mwislamu, angeniambia kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Kwa kipimo hicho kifaru hawezi kuwa yatima, maana dume hana habari na ndama wake. Na baadhi ya hawa tunaowaita yatima mama zao wako hai. Pale Lewa, Mawingo alikuwa kipofu; ndama wake walichukuliwa na kulelewa kwa mkono kwa sababu hakuweza kuwalinda. Sisemi ilikuwa kosa. Nasema neno "yatima" linafuta uamuzi. Linatuletea mtoto aliyepotelewa na banda lililo wazi, na katikati hakuna binadamu aliyeamua lolote.

Vitabu vya zamani havikuwa na tatizo la kumficha mlezi; mlezi ndiye aliyeshika kalamu. Anna Merz, aliyeanzisha hifadhi ya vifaru katika ardhi ya familia ya Craig mwanzoni mwa miaka ya 1980, alimlea Samia kwa chupa nyumbani kwake na kuandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1991. Daphne Sheldrick, ambaye kituo chake cha Nairobi kimelea tembo na vifaru wengi, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2012. Ni wanawake waliofanya kazi hasa, katika nchi iliyokuwa imeshuka kutoka vifaru weusi 20,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo wamepita 900, na sehemu ya deni hilo ni yao. Swali la mzee wangu kwao lina jibu: chupa walikuwa nayo wao. Ugumu ni kwamba ukisoma, unaanza kuamini walikuwa nayo peke yao.

John Mbaria na Mordecai Ogada walilipiga jambo hili rungu katika The Big Conservation Lie, 2016, kitabu ambacho kila mwanafunzi niliyesoma naye amekinukuu, wengine bila kukifungua. Wanauliza ardhi ni ya nani na hadithi ni ya nani. Nakubaliana nao karibu kote. Lakini nao wanatazama juu, kwa wenye uzio na wenye fedha. Mtu wa banda anapita kwenye hoja yao kama ushahidi, hakai.

Filamu ya Kifaru ya David Hambridge, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo iliyonikaribia zaidi. (Jina lenyewe lilinichekesha: katika Kiswahili kifaru ni mnyama na ni gari la vita, na hakuna kilicho mbali na gari la vita kama ndama aliyevishwa blanketi.) Inawafuata James na JoJo, vijana wawili wa Kikenya, tangu wanaajiriwa Ol Pejeta kumtunza Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, kwa takriban miaka minne. Sudan hakuitwa yatima, ingawa alikamatwa Shambe, Sudan Kusini ya leo, mwaka 1975 akiwa ndama, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Chekoslovakia, na hakuletwa Kenya hadi 2009. Watunzaji wake katika filamu wana sauti. Wana familia zilizo mbali, na wana siku ambazo hakuna kinachotokea.

Kasoro yake haikuepukika: tunajua kwamba Sudan atakufa tarehe 19 Machi 2018, na kifo hicho kinavuta kila kitu upande wake. Watunzaji wanakuwa waombolezaji wa ulimwengu mzima. Nami nikabaki nikiwaza juu ya mlezi wa ndama mweusi wa kawaida, ambaye kazi yake ikifaulu haina mwisho wa kupigwa picha. Ndama anakua, anaanza kulala nje, anarudi siku mbili, anakosa ya tatu. Mwaka mwingine unakutana naye kwenye kichaka na hujui kama atakukumbuka au atakukimbiza, na kwa usalama wake yafaa akukimbize. Mzee aliwahi kupandishwa mtini na kifaru aliyemlea. Alinisimulia kwa fahari kubwa, akinionyesha mti. Nani angemfadhili mtengenezaji wa filamu hiyo?

Maandishi bora juu ya kazi hii niliyoyasoma yalikuwa kwenye daftari la shule lililoning'inizwa kwa waya mlangoni mwa banda. Saa, kiasi cha maziwa, kama amemaliza, mavi yalikuwaje, mvua. Mara moja moja, neno la ziada: kwamba leo amecheza; kwamba amelia sana; kwamba fisi walipita karibu. Hakuna "mimi" humo ndani. Usiku mmoja ndama alipougua, nafasi kati ya mistari inafupika, saa moja, nusu saa, robo saa, kisha kuna pengo, kisha asubuhi imeandikwa kwamba amekunywa. Niliona pia kwamba daftari lina miandiko miwili: ya mchana kwa kalamu ya wino, ya usiku kwa penseli. Niliona, nikaendelea na maelezo yangu ya picha.

Mwezi uliopita nilimpigia mzee kumwomba ruhusa ya kuandika jina lake katika tasnifu. Nilikuwa nimejiandaa, nikamweleza kuhusu jina na heshima na yote niliyoyaandika hapa. Alisikiliza. Akasema jina niweke tu, haina shida. Kisha: "Lakini wa usiku sikuwa mimi. Alikuwa kijana mmoja kibarua, mwandiko wa penseli. Hukumwuliza?"

Sikumwuliza. Nilikuwa nalala saa hizo.

Alisema kijana aliondoka mkataba wake ulipokwisha, labda yuko Nanyuki, labda Isiolo kwa shemeji. Aliniahidi kutafuta namba, na baada ya siku tano akaituma, pamoja na jina moja tu, la kwanza. Nimeipiga. Haipatikani. Nimeipiga tena leo asubuhi.