Inchi moja ya hewa

Porsche 911 haijawahi kushinda Safari Rally. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972 na Sobiesław Zasada, ikarudia 1974 na Björn Waldegård, kisha 1978 mikononi mwa Vic Preston Mdogo wa Kenya. Waldegård alisubiri hadi 2011, akiwa mzee wa karibu miaka 70, ndipo akaishindisha 911 katika Safari ya magari ya zamani.

Ukiitazama 911 iliyoandaliwa kwa barabara za Safari, jicho hukimbilia kimo chake. Ile ya 1978 ilikuwa na sentimita 28 kati ya tumbo na ardhi. Mimi huanza na magurudumu. Wakati 911 za mijini zinapanda hadi rimu za inchi 17 na 18, hizi za Safari zimebaki na 15, na ubavu wa tairi ni mnene. Uamuzi huo unastahili kueleweka hapa Bujumbura, hasa Buyenzi, ambako fundi akikosa kipuri hukitengeneza.

Chukua 911 Carrera ya miaka ya 1980 yenye rimu za inchi 16. Tairi la mbele ni 205/55 R16. Ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani milimita 112.75, zidisha mara mbili, ongeza 406.4 za rimu, upate kipenyo cha 631.9. Sasa weka 195/65 R15, saizi ambayo Corolla nyingi huvaa. Ubavu unakuwa 126.75, rimu 381, kipenyo 634.5. Gurudumu zima limekua kwa chini ya milimita tatu. Lakini kati ya jiwe na ukingo wa rimu zimeongezeka milimita 14 za mpira na hewa. Ndizo zinazonunuliwa. Nyuma hesabu ifanywe peke yake, maana huko tairi ni pana zaidi.

Hapa wengi hukosea: hudhani rimu ndogo ndiyo inayoinua gari. Tumepata nyongeza ya milimita moja na kidogo tu chini ya gari. Kimo cha Safari kilitoka kwenye sasipensheni. Hadi 1989 911 haikubebwa na springi za koili bali na fimbo za chuma zinazojipinda. Fundi huchomoa fimbo, huizungusha meno kadhaa na kuirudisha, ndipo mwili unapopanda. Kazi mbili tofauti, na kila moja ina bei yake.

Kabla ya kununua chochote, pima breki. Carrera hiyo ilitoka kiwandani pia na inchi 15, hivyo kalipa zake zinapita. Ikiwa mwenye gari wa awali alifunga breki za Turbo, zenye diski za milimita 304 mbele, rimu ya 15 itakwama. Bandika vipande vya udongo laini juu ya kalipa, funga gurudumu, lizungushe kwa mkono polepole, kisha livue uone udongo umebonyea wapi. Usikisie kwa macho.

Tairi la Corolla linafaa. Rimu ya Corolla haifai. Boliti tano za 911 zimepangwa kwenye duara la milimita 130, na tundu la katikati ni 71.6. Najua mashine ya kutoboa ipo karibu na mteja ana haraka. Mkatalie. Hata nati zina siri: za Porsche zina kitako cha mviringo kama mpira, za Toyota zina kitako cha pia. Ukichanganya, chuma kinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na nati italegea hata kama mkono wako ulikaza vizuri. Kipimo cha kukaza nati za alumini ni Nm 130, kwa spana yenye kipimo.

Kuna hasara, na dereva aambiwe. Ubavu mrefu hupinda, kwa hiyo usukani hujibu kwa kuchelewa kidogo. Rimu ndogo pia huifunika diski, hewa ikapungua. Kwenye tambarare ya kwenda Rumonge hutaliona hilo. Kwenye RN1, kushuka kutoka Bugarama kuja ziwani, zaidi ya mita 1,000 za mteremko, utaliona. Jaribio la kwanza lifanywe huko, gari likiwa tupu, kwa gea ya pili au ya tatu ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Simama katikati ya mteremko mahali palipo wazi. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Magurudumu mawili ya mbele yawe na joto linalofanana. Moja likizidi, kalipa yake inabana, na rimu haina kosa. Mkifika mjini acheni yapoe kabisa, halafu kazeni nati upya.